Abagusii na Misri ya kale: Simulizi, maisha ya kila siku na mto unaounganisha nchi mbili

WAZEE wengi wa jamii ya Abagusii, wanapoulizwa chimbuko la kabila lao, hutaja nchi moja: Misri. Husimulia kwamba mababu walitoka huko kaskazini, wakapita Mlima Elgon, wakafuata bonde la Mto Nzoia hadi Ziwa Victoria, kisha wakahamahama kwa miaka mingi kabla ya kutua katika milima ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira.

Simulizi hiyo si ya Abagusii pekee. Husikika pia miongoni mwa Abakuria, Abaluhya na baadhi ya koo za Wakalenjin. Imeingia vitabuni, hutajwa katika matanga na harusi, na watoto huisikia kutoka kwa nyanya na babu zao.

Hata hivyo, ni nadra kwa anayeitaja Misri kueleza nchi hiyo ilikuwaje. Watu wake walilima nini? Waliishi katika nyumba za aina gani? Na je, maisha yao yalilingana kwa vyovyote na ya watu wa milima ya Gusii? Majibu ya maswali haya humsaidia msomaji kuipima simulizi yenyewe.

Nchi nyeusi, nchi nyekundu

Misri ya kale ilikuwa nchi nyembamba mno. Kutoka maporomoko ya Aswan upande wa kusini hadi Bahari ya Mediterania kuna zaidi ya kilomita 1,000 za mto, lakini ardhi iliyolimika ilikuwa ukanda mwembamba tu kando ya Nile. Ni karibu na bahari pekee ambapo mto hugawanyika katika matawi na kutengeneza delta pana yenye rutuba.

Wenyeji waliiita nchi yao Kemet, yaani nchi nyeusi, kwa sababu ya rangi ya tope lililoachwa na mafuriko. Jangwa lililouzunguka ukanda huo waliliita Deshret, nchi nyekundu. Nchi nyeusi ilikuwa ya walio hai. Nchi nyekundu ilikuwa ya wanyama wakali, migodi na makaburi.

Kwa kuwa mto huo hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, Misri ya Juu ilikuwa kusini na Misri ya Chini kaskazini. Jambo hili huwakanganya wanafunzi wengi wanaotazama ramani. Maeneo hayo mawili yaliunganishwa chini ya mfalme mmoja yapata mwaka 3100 kabla ya Kristo (K.K.). Utawala wa wafalme hao, wanaojulikana kwa Kiswahili kama mafirauni, uliendelea kwa takriban miaka 3,000 hadi Warumi walipoitwaa nchi hiyo mwaka 30 K.K., baada ya kifo cha Malkia Cleopatra.

Mvua haikuwa tegemeo. Jiji la Cairo hupata takriban milimita 25 za mvua kwa mwaka, na Aswan hukaa hata miaka kadhaa bila kuona tone la maana. Mkulima wa Misri hakutazama mawingu, alitazama mto.

Majira matatu ya mkulima

Kila mwaka, mvua kubwa iliyonyesha katika nyanda za juu za Ethiopia ilifurisha Nile kuanzia mwezi Juni au Julai. Maji yalifunika mashamba kwa wiki kadhaa, kisha yakapungua na kuacha tope jipya lenye rutuba. Mbegu zilipandwa katika tope hilo lingali na unyevu.

Kwa msingi huo, Wamisri waligawa mwaka katika majira matatu ya miezi minne kila moja: Akhet, majira ya mafuriko, Peret, majira ya kuchipuka kwa mimea, na Shemu, majira ya mavuno. Kila mwezi ulikuwa na siku 30, na mwishoni mwa mwaka ziliongezwa siku tano ili zitimie 365. Majuma yao yalikuwa ya siku kumi.

Uhai wa taifa zima ulitegemea kimo cha maji. Mafuriko yakiwa madogo, mashamba ya mbali hayakufikiwa na njaa iliingia. Yakiwa makubwa kupita kiasi, yalibomoa kingo na kusomba vijiji. Ndiyo maana palijengwa vipimo maalumu vya mawe kando ya mto ili maafisa wa mfalme wajue mapema mavuno yatakuwaje na kodi itozwe kiasi gani.

Katika majira ya mafuriko, wakulima wengi hawakuwa na kazi shambani. Baadhi yao waliitwa kutumikia miradi ya mfalme. Piramidi kubwa ya Giza, iliyojengwa kwa ajili ya Firauni Khufu yapata mwaka 2560 K.K. na iliyokuwa na kimo cha takriban mita 146, ilitokana na nguvu za watu kama hao pamoja na mafundi wa kudumu. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua makazi, matanuri ya mikate na makaburi ya wajenzi hao karibu na piramidi zenyewe. Ugunduzi huo umewafanya wataalamu wengi kuikataa dhana kwamba kazi hiyo ilifanywa na watumwa watupu.

Mkate, pombe na nyumba za udongo

Chakula cha kila siku cha Mmisri wa kawaida kilikuwa mkate wa ngano na pombe ya shayiri. Pamoja na hivyo alikula vitunguu, kunde, samaki, ndege wa majini na tende. Nyama ya ng'ombe ilikuwa chakula cha sikukuu na cha matajiri.

Nyumba zilijengwa kwa matofali ya tope yaliyokaushwa juani. Zilikuwa na pembe nne na paa bapa, ambapo watu walilala nyakati za joto. Mawe yaliwekewa mahekalu na makaburi, kwa imani kwamba makao ya miungu na ya wafu yalipaswa kudumu kuliko ya walio hai. Mavazi yalikuwa ya kitani, na mafunjo yaliyoota mtoni yalitumiwa kutengenezea karatasi, kamba, mikeka na mashua.

Sarafu hazikutumika kwa sehemu kubwa ya historia hiyo. Watu walibadilishana bidhaa kwa bidhaa, huku thamani ikikadiriwa kwa uzito wa shaba. Wafanyakazi wa mfalme walilipwa nafaka. Katika kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina, walikoishi wachongaji wa makaburi ya wafalme, nafaka ilichelewa katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses wa Tatu, yapata mwaka 1157 K.K. Mafundi waliweka zana chini na kwenda kuketi karibu na mahekalu wakidai haki yao. Huo ni miongoni mwa migomo ya kale zaidi iliyowahi kuandikwa duniani.

Jambo jingine la kuzingatia ni hadhi ya mwanamke. Mwanamke wa Misri aliweza kumiliki shamba kwa jina lake, kurithi, kuuza na kushtaki mahakamani.

Milima isiyokosa mvua

Msomaji akigeuka kutoka bonde hilo kame na kutazama Kisii na Nyamira, anakutana na ulimwengu tofauti kabisa. Hii ni nchi ya milima na mabonde, sehemu kubwa yake ikiwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua huzidi milimita 1,500 kwa mwaka na hunyesha katika misimu miwili, hivi kwamba mkulima huweza kuvuna mara mbili. Ukingo wa Manga, unaotazama chini kuelekea mji wa Kisii, na vilima vya Sameta na Kiabonyoru ni baadhi ya alama zinazojulikana sana.

Simulizi zinaeleza kwamba mababu wa Abagusii hawakufika hapa moja kwa moja. Waliishi karibu na Ghuba ya Winam na katika nyanda za Kano, kisha wakasukumwa hadi Kabianga, katika Kaunti ya Kericho ya leo. Huko baridi iliua mifugo na mimea ikakataa kustawi. Jina Kabianga lenyewe husimuliwa kuwa linatokana na kukataa huko. Walitawanyika tena, na kufikia mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 makundi makuu yalikuwa yakijikita katika milima hii. Hayo ni Abagetutu, Abanyaribari, Abagirango, Abamachoge, Ababasi na Abanchari.

Maisha ya kila siku yalizunguka wimbi na ng'ombe. Wimbi lilisagwa kwa jiwe ili kupata ugali na pia kutengenezea pombe. Mboga za kienyeji kama vile chinsaga na rinagu ziliandamana na ugali huo. Nyumba ilikuwa ya duara, yenye kuta za miti na udongo na paa la nyasi. Wanawake walibeba sehemu kubwa ya kazi ya shamba, na majirani walisaidiana kupalilia na kuvuna kwa zamu.

Vijana wa kiume waliishi katika kambi za mifugo zilizoitwa ebisarate, ambako walilinda ng'ombe dhidi ya wavamizi. Wakoloni Waingereza, waliofungua kituo chao cha utawala Kisii mwaka 1907, walizivunja kambi hizo katika miaka michache iliyofuata kwa kuziona kuwa tishio kwa utawala wao.

Mipakani kulikuwa na masoko. Abagusii walipeleka nafaka, majembe ya chuma na vifaa vya mawe, na kurudi na mifugo, vyungu na chumvi kutoka kwa majirani wao Wajaluo.

Yanayofanana na yasiyofanana

Wanaoshikilia asili ya Misri huorodhesha mambo yanayofanana. Baadhi yake ni ya kweli na yanastahili kuchunguzwa.

La kwanza ni jiwe la sabuni. Huko Tabaka, katika eneo la Mugirango Kusini, jiwe hilo laini huchimbwa na kuchongwa vinyago, bakuli na mapambo yanayouzwa kote duniani. Wamisri wa kale nao walichonga jiwe la jamii hiyo hiyo, hasa hirizi ndogo zenye umbo la mdudu anayeviringisha kinyesi, ambaye kwao alikuwa ishara ya jua linalozaliwa upya. Hata hivyo, jiwe hilo hupatikana pia India, China na kwingineko, na kokote lipatikanapo watu hulichonga kwa sababu ni laini.

La pili ni tiba ya kichwa. Abagusii wamesifika kwa waganga wao, ababari, waliofungua fuvu la mtu aliyejeruhiwa kichwani na kuondoa vipande vya mfupa. Madaktari wa karne ya 20 waliushuhudia ujuzi huo na kuuandika. Misri nako kuna hati ya kale ya mafunjo, ijulikanayo kwa jina la Edwin Smith, iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 K.K. Inaeleza visa 48 vya majeraha, vingi vikiwa vya kichwa. Lakini hati hiyo hufundisha kukagua na kufunga jeraha. Haielezi upasuaji wa kutoboa fuvu. Isitoshe, mafuvu yaliyotobolewa yamefukuliwa pia Ulaya na Amerika Kusini.

La tatu ni obokano, ala kubwa ya nyuzi nane inayopigwa na Abagusii. Ala za jamii hiyo zilikuwepo Misri, na leo zinapatikana Sudan, Ethiopia, Uganda na magharibi mwa Kenya. Nyatiti ya Wajaluo ni ndugu yake. Hapa pana mfanano ulio na mantiki ya kijiografia, kwa kuwa ala hizo zimeenea katika bonde la Nile na viunga vyake. Lakini ala inaweza kusafiri kutoka jirani hadi jirani pasipo kabila zima kuhama. Wamisri wenyewe waliipokea kutoka Asia.

Upande wa tofauti, orodha ni ndefu zaidi. Wamisri walikuwa na maandishi, wafalme wenye majeshi, miji na kodi. Abagusii waliishi kwa koo, na migogoro yao iliamuliwa na wazee. Mmisri alizikwa na vyombo vyake katika nchi kavu ya jangwa. Omogusii alizikwa katika boma lake. Ardhi ya Omogusii ilipita kutoka kwa baba hadi kwa wana wa kiume, kufuatana na nyumba ya kila mama. Ni Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, na Katiba ya mwaka 2010 zilizompa binti wa Kisii haki mbele ya sheria ambayo binti wa Misri alikuwa nayo zama za mafirauni.

Ushahidi wa lugha

Ushahidi mzito zaidi umo katika vinywa vya wenyeji. Ekegusii ni lugha ya Kibantu. Mtu ni omonto, maji ni amache, nyumba ni enyomba na ng'ombe ni eng'ombe. Yeyote ajuaye Kiswahili hutambua undugu huo papo hapo.

Lugha ya Wamisri wa kale ilikuwa ya jamii nyingine kabisa, iliyo na uhusiano wa mbali na Kiarabu, Kiebrania na Kisomali. Maji yaliitwa mu, mtu aliitwa remetj na nyumba iliitwa per. Kutokana na neno hilo la mwisho ndipo likapatikana jina la Firauni, likimaanisha awali nyumba kuu. Wataalamu waliweza kuisoma lugha hiyo tena baada ya Mfaransa Jean-François Champollion kufumbua maandishi yake mwaka 1822.

Wanaisimu wanakubaliana kwamba lugha za Kibantu zilianza kuenea kutoka eneo la mpaka wa Nigeria na Cameroon ya leo, miaka ipatayo 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Ekegusii huwekwa katika kundi moja na Ekikuria na lugha nyingine za Mkoa wa Mara nchini Tanzania, kama vile Kizanaki na Kingoreme. Ukoo huo wa lugha unaelekeza magharibi na kusini mwa Ziwa Victoria, wala si kwenye bonde la Misri.

Tatizo jingine ni jina lenyewe. Wamisri wa kale hawakuiita nchi yao Misri. Hilo ni neno la asili ya Kisemiti lililoingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu, na likapata umaarufu kupitia Biblia na Kurani. Wamisionari Wakatoliki walifungua kituo Nyabururu mwaka 1911, nao Waadventista wa Sabato wakajikita Nyanchwa muda mfupi baadaye. Watu waliosoma habari za Waisraeli waliotoka utumwani na kutangatanga jangwani waliona humo kioo cha safari ya mababu zao wenyewe. Ndiyo maana baadhi ya wanahistoria huona kwamba jina Misri liliwekwa juu ya kumbukumbu ya zamani zaidi ya nchi fulani ya kaskazini, labda si mbali sana na Mlima Elgon.

Njia pia haikuwa rahisi. Kati ya Misri na maziwa makuu kuna kinamasi cha Sudd, katika Sudan Kusini ya leo. Katika karne ya kwanza, wanajeshi waliotumwa na Nero, mtawala wa Roma, kutafuta chanzo cha Nile walikwama kwenye vinamasi hivyo wakarudi.

Haya yote hayaifanyi simulizi ya wazee kuwa uongo. Marehemu Profesa William Ochieng', ambaye kitabu chake kuhusu historia ya Abagusii kabla ya ukoloni kilichapishwa mwaka 1974, alitegemea kwa kiasi kikubwa simulizi kama hizo kufuatilia safari ya jamii hii. Majina ya Goye, Kano na Kabianga ni ya mahali panapojulikana. Simulizi hutegemeka zaidi kadiri inavyokaribia nyakati zetu, na hufifia inaporudi nyuma karne nyingi.

Mto unaounganisha

Ikiwa hakuna ushahidi wa damu, kuna uhusiano mmoja usiopingika: maji. Mto Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja, huanzia katika vilima vya Kiabonyoru, Nyamira. Hupokea vijito vingi vya Kisii, ukiwemo Nyakomisaro unaopita katikati ya mji wa Kisii kabla ya maji yake kuungana na mito mingine, kisha hushuka hadi Kaunti ya Migori na kuingia Ziwa Victoria. Maji ya ziwa hilo hutoka Jinja, Uganda, na kuanza safari ndefu ya Nile. Tone la mvua lililoangukia kilima cha Nyamira laweza, lisipokauka njiani, kufika Misri.

Mchango huo usitiwe chumvi. Takriban asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan hutoka Ethiopia, na mafuriko yaliyomlisha Mmisri wa kale yalitokana na mvua ya huko. Sehemu kubwa ya maji ya maziwa makuu hupotea kwa mvuke katika Sudd. Hata hivyo, maji ya kusini hutiririka mwaka mzima, na ndiyo yaliyousaidia mto usikauke katika miezi ya kiangazi.

Mafuriko yenyewe yalikoma Misri baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970. Siasa za maji hazikukoma. Mkataba wa mwaka 1929 uliotiwa saini na Uingereza kwa niaba ya makoloni yake uliipa Misri sauti juu ya miradi ya maji katika nchi za Afrika Mashariki. Kenya ilitia saini mkataba mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile mwaka 2010, nao ukaanza kutekelezwa Oktoba 2024 bila Misri wala Sudan kuukubali.

Nyumbani, hatari iko karibu zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande, na shinikizo limefika kwenye vinamasi na kingo za mito. Mikaratusi, inayopendwa kwa kuni, nguzo na mbao, imepandwa hadi ukingoni mwa maji, na wakazi hulalamika kuhusu chemchemi zinazopungua. Mwaka 2009 waziri wa Mazingira wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na mito ing'olewe. Agizo hilo lilipata upinzani kutoka kwa wakulima wanaoitegemea kwa karo na chakula, na mingi ya miti hiyo ingali imesimama.

Wamisri walijua kwamba mto ukipungua, nafaka hupungua ghalani, ndiyo maana walipima kimo chake kila mwaka. Huko Kiabonyoru na Manga, mvua ingali ikinyesha misimu miwili kwa mwaka. Chemchemi ambazo maji hayo hupitia kabla ya kufika Gucha zi mikononi mwa wenye mashamba, na uamuzi wa kupanda mkaratusi au mti wa kienyeji ukingoni mwa mto hufanywa na familia moja baada ya nyingine.